Kopo la Lili Dirishani

Rangwi, 8 Aprili 2024

Dada yangu mpendwa Eliza,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Macho yanaendeleaje baada ya upasuaji? Mwanao Kristian alisema bado umefungwa bendeji na mkewe Loveness ndiye anayekusomea. Basi mkwe wetu, nakusalimu na wewe hapohapo unaposoma. Sisi tupo, mvua haijatupumzisha, barabara ya kushukia Lushoto imekatika mara mbili. Barua hii nampa Stephano wa basi, maana simu yangu inashika mtandao pale njia panda tu, na pale hapakosi watu wa kusikiliza.

Pasaka ilipendeza. Sisi akina mama wa kupamba altare tulipata maua ya lili ya kwenye makopo, meupe, makubwa kama tarumbeta. Jumatatu ya Pasaka tukagawana kama ilivyo desturi, kila mmoja na kopo lake, likae ndani liwe baraka ya nyumba. Langu liko dirishani sebuleni.

Dada, nina habari mbaya. Paka wako Mtawa amekufa, siku ya Ijumaa. Alitapika siku mbili, akajificha chini ya kitanda, nikimwita haji. Nimemzika nyuma ya jiko lako. Sijasahau ulivyonikabidhi ukasema, "Huyu ndiye ninayezungumza naye jioni."

Ni sumu. Jirani Zuberi anaweka sumu ya panya kwenye ghala lake la viazi. Nimeiona kwa macho yangu, imemwagika mpaka nje ya mlango. Nisamehe kwa kutomfungia ndani.

Mdogo wako,
Paskalina


Tanga, 17 Aprili 2024

Mdogo wangu Paskalina,

Marahaba. Milele na milele, amina. Anayeandika ni Loveness, mimi natamka tu, kwa hiyo makosa yote ni yake. Amekataa kuandika hilo, nimemlazimisha.

Nimelia mpaka daktari akanigombeza, eti nachezea kidonda. Watu wanasema paka ni paka. Wao wana watu wa kuzungumza nao.

Zuberi nimempigia simu. Nilidhani atabisha, hakubisha. Alikutaja wewe tu, "Kama Mama Anord ameona, basi." Nimemwambia akishavuna kabichi zilizopo asipande tena kwenye shamba langu la bondeni. Miaka tisa nimempa alime, na hatujawahi kutupiana neno. Lakini mtu anayemwaga sumu nje, leo ni paka, kesho ni mtoto.

Wewe usijilaumu. Ulifanya uwezavyo.

Dada yako,
Eliza


Rangwi, 2 Juni 2024

Dada yangu Eliza,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Samahani kwa kukaa kimya wiki sita. Afya yangu si mbaya. Macho je? Msalimu Loveness.

Zuberi amevuna. Ameng'oa hata vigingi vya nyanya na kuvipanga ukingoni, vizuri, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. Siku hizi hapiti hapa kwangu. Anazunguka njia ya chini mtoni, ambayo ni ndefu na ina utelezi. Mkewe Mwanamisi bado ananisalimu.

Dada, nakuomba umrudishie shamba. Ana watu wa kulisha, na Bwana alisema tusihukumu. Nakuomba tu, usiniulize mengi.

Mdogo wako,
Paskalina


Tanga, 16 Juni 2024

Paskalina,

Marahaba. Bendeji zimetoka, naona mpaka vumbi lililo chini ya kabati la Loveness, ila sijamwambia. Ninaandika kwa mkono wangu. Mistari inapanda mlima lakini ni yangu.

Barua yako nimeisoma mwenyewe mara tatu. Nakujua tangu ulipovunja chungu cha mama ukakificha migombani, halafu ukashinda siku nzima ukimsifia mama mapishi yake. Mtu umemshitaki wewe, sasa unamwombea huruma wewe, na hutaki kuulizwa.

Ninauliza. Ile sumu uliiona au hukuiona?

Eliza


Rangwi, 23 Juni 2024

Dada yangu,

Shikamoo.

Sikuiona. Sijawahi hata kufika kwenye mlango wa ghala la Zuberi.

Nikueleze yote, maana sasa unasoma peke yako. Tarehe 14 Mei alipita Bi Rukia, yule bibi mifugo, akichanja mbwa dhidi ya kichaa. Nikamkaribisha chai. Akawa anatazama dirishani, akaniuliza, "Mama Anord, unafuga paka?" Nikasema nilikuwa naye wa dada yangu, amekufa. Akauliza alikufaje. Nikamweleza kutapika, kujificha, na jinsi siku ya kwanza alivyokunywa maji bila kukoma, halafu akaacha hata kukojoa. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Ua hili na paka havikai nyumba moja."

Nilicheka, dada. Nikamwambia, "Mwanangu, hili limetoka altareni, limenyunyiziwa maji ya baraka." Akajibu kwa upole tu, "Baraka ni yako, mama. Figo ni za paka."

Anasema ni jani, ni ua, ni lile vumbi la njano la katikati, hata maji yanayotuama kwenye kisahani chini ya kopo. Paka akilamba kidogo tu, figo zinakufa kwa siku mbili tatu. Akiwahiwa siku ileile pengine anapona. Nilimchemshia uji.

Na lile vumbi nililiona. Jumanne ya Pasaka Mtawa alishuka dirishani na pua ya njano, nikamtania, "Wewe umepakwa majivu siku isiyo yake." Akakaa pale miguuni pangu akajilamba mpaka akawa safi. Kesho yake alipotapika niliona kipande cha jani kwenye matapishi. Nikakifagia.

Kwamba lili inaua, sikujua, Mungu ni shahidi. Lakini nilipokaa kukuandikia nilijua utaniuliza alikula nini kwangu. Nikakumbuka Zuberi hununua dawa ya panya, kama kila mwenye viazi hapa. Nikaandika "kwa macho yangu". Nikalisoma tena, nikaona limekaa vizuri, nikaliacha. Hilo ndilo linaloniua. Niliridhika nalo.

Nilipoandika barua ya tarehe 2 nilikuwa tayari najua. Niliogopa Loveness angeisoma kwa sauti mezani, mbele ya mwanao. Na kila Jumapili nimepokea komunyo, nikapita mbele ya watu mikono nimekunja. Wenzangu wa altare, ambao baadhi wana paka, sijawaambia neno, kwa kuwa wangeuliza nimejuaje.

Kopo nimelitupa kwenye shimo la choo. Sijui niseme nini tena.

Mdogo wako,
Paskalina


Tanga, 30 Juni 2024

Paskalina,

Nimempigia Zuberi, nimemwambia shamba ni lake arudi. Sababu sikumpa. Sababu ni yako.

Najua utataka kukimbilia kitubio kwanza. Padre atangoja. Anza kwa Zuberi, mchana, kwa miguu yako mwenyewe, na usimtume mwanao Anord.

Mimi moyoni sijui bado nina nini. Usiniandikie kabla hujakwenda.

Eliza


Rangwi, 7 Julai 2024

Dada yangu Eliza,

Shikamoo dada. Sikuulizi afya leo, sijioni nina haki hiyo, ila nakuombea.

Wenzangu nimewaambia leo baada ya misa, wote kumi na mmoja, nikiwa nimesimama. Wawili wana paka. Mmoja ameondoka mbio hata kitenge kikamdondoka.

Kwa Zuberi nilikwenda jana. Alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala akichagua mbegu za viazi. "Onga mshi, Mama Anord," alinisalimu kwa Kishambaa, bila kuinua uso. Mwanamisi akaniletea kigoda. Sikukikalia. Nikasema yote, lili, vumbi, barua.

Aliendelea kuchagua. Halafu akauliza, "Kwa hiyo hukuiona."

"Sikuiona."

"Mimi niliitafuta," akasema. "Dada yako aliponipigia nilipiga magoti hapahapa nikapekua udongo. Sikupata hata punje. Nikasema labda mvua imeisomba. Nikajiambia, mama wa kanisani hawezi kusema ameona asichokiona. Basi nimeua mimi."

Dada, ile njia ya chini haikuwa hasira. Alikuwa anaona haya kukutana na mimi.

Mwanamisi akasema, "Paka wetu, mume wangu alimpeleka kwa kaka yake kule Mgwashi. Aliniambia mtu kama yeye hastahili kufuga." Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunipunguzia machungu.

Nilitaka Zuberi anitukane. Alisema tu, "Umekuja mwenyewe, nimesikia." Akanyanyuka, akashika njia ya bondeni. Kama anarudi kulima au anakwenda kutazama tu, sikuthubutu kuuliza.

Mwanamisi akanisogezea kikapu. "Kaa basi, umalizie alichoacha."

Nikakaa. Nilichagua viazi vyake, vilivyooza huku, vizima huku, mpaka adhana ya magharibi. Hakuwa amerudi.

Mdogo wako, ukikubali kuniita hivyo,
Paskalina