Kidonda Kilichofunga: Kumbukumbu ya Kajetani Mapunda, Fundi Redio

Mwaka umetimia, Kajetani, tangu ututoke, na mkeo Lidwina bado hajaamini. Anapika, anakwenda jumuiya, anacheka inapobidi, lakini ukimtazama usoni ni mtu aliyepigwa na bumbuwazi leo hii hii.

Ulipoanguka kutoka juu ya paa kule Mpitimbi ukaumia uti wa mgongo, wengi walidhani mambo yako yamekwisha. Wewe ukageukia kutengeneza redio. Kidonda cha mgandamizo, kile cha kukalia mahali pamoja muda mrefu, kilipokutoka kwenye tako, mahali usipohisi kitu, wauguzi wakakukataza kukikalia. Nyumbani ukataka kitanda kisogezwe dirishani, ukalala kifudifudi, ukawa unalehemu nyaya hivyo hivyo. Vijana walikupa shikamoo wakiwa wameinama nje ili wakuone uso, nawe ukiwatania kwamba hatimaye Songea wamejifunza adabu.

Kidonda kilikuwa kikaidi. Kilipungua, kikachimbika tena. Lidwina alikiosha, akakugeuza ubavu huu na ule, akagombana na kila aliyeleta majani ya kupaka, hata dada yako Hilda aliyetoka nayo Namtumbo. Hukutaka makubwa. Ulitaka tu ukae kwenye kiti chako cha magurudumu kanisani, umwone binti yako Edna akipokea komunyo ya kwanza, badala ya kuja kusimuliwa kitandani.

Na kikafunga. Lidwina alipoona ngozi imeshikana alipiga vigelegele, majirani wakaja mbio.

"Baba Edna, kimefunga," alikuambia. Ukamwomba akitazame tena, ukidhani anakufariji.

Ulikaa kanisani na suti yako ya harusi, ukijiinua kwa mikono kila mara kama ulivyofundishwa. Edna alipokwisha kupokea aligeuka kukutafuta, akakuona. Kwa hilo tunamshukuru Mungu.

Homa ilipokuja wiki ile ile ya komunyo, kila mtu alisema malaria, maana kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vingine. Ukameza dawa. Lidwina alikikagua kidonda, akakikuta kikavu, akapumua. Ulipoanza kuweweseka, kaka yako Valence alitafuta gari. Hospitalini daktari alibonyeza pembeni ya kovu, akapasua kidogo, na usaha uliotoka hakuna aliyekuwepo atakayeusahau. Ngozi ilikuwa imefunga juu tu. Chini yake kidonda kilikuwa kimefika kwenye mfupa, na maambukizi yameshaingia kwenye damu.

"Lakini kimefunga," Lidwina alisema. "Daktari, nimekiangalia mwenyewe. Kimefunga."

Daktari alimweleza kwa upole kwamba kidonda cha namna hiyo kinaweza kufunga juu huku ndani kikiendelea kula, na mgonjwa asiyehisi maumivu hana cha kumshtua. Kesho yake ulifariki. Lidwina alikuwa bado ameshika shuka aliyoileta ya kukubadilishia.

Mpaka leo watu wanamsimamisha sokoni kumpa pole, wanauliza ulikufa na nini. Akisema kidonda, wanamshangaa. Si ndicho kile walichokuja kukishangilia kilipopona? Naye anawaambia ndiyo, ndicho kile.

Unakumbukwa na mkeo Lidwina, binti yako Edna, mama yako Frida wa Mpitimbi, kaka yako Valence, dada yako Hilda wa Namtumbo, na wateja wako ambao hadi leo wakipita dirishani wanainama.

Hatujazoea kukuita marehemu, Kajetani. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.