Mechi ya Mwisho ya Woolwich Admirals

Woolwich, London
27 Aprili 1975

Shoga yangu Jokha,

Salamu nyingi zikufikie hapo Mombasa, wewe na mumeo na wanao wote, hasa yule mdogo uliyeniandikia kuwa anaumwa macho. Natumai amepona na amerudi chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani. Na magoti yako vipi? Usinijibu kuwa hujambo tu, kama ilivyo kawaida yako. Nataka habari kamili. Huku sote tuna afya, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Huu ni mwaka wa tatu tangu tufukuzwe Kampala, na baridi nimeizoea. Ninayeshindwa kumzoea ni mume wangu.

Najua unacheka, unasema Kokila tangu tuko skuli Unguja hajaacha kulalamika. Lakini soma hadi mwisho, maana nina jambo la kukutuma, na si jambo dogo. Nikianza nalo hutalielewa, kwa hiyo nivumilie.

Unajua kuwa Harish alikuwa golikipa wa mpira wa magongo. Nilikuwa nikikuandikia hivyo kwa kujigamba, ila sikukwambia kuwa alikuwa golikipa wa akiba. Miaka yote ile alikaa benchi na pedi zake miguuni, akingoja yule wa kwanza aumie, na yule wa kwanza hakuumia hata ukucha. Tulipoambiwa tuondoke Uganda na tubebe kidogo tu, nilimsihi achukue masufuria ya shaba ya marehemu mama yangu. Alichukua gongo lake. Kwenye kizuizi cha njia ya Entebbe askari walinipokonya sari zangu nzuri zote, lakini gongo walilitazama, wakacheka, wakamrudishia. Nililia hadi ndani ya ndege, naye akadhani nailia Kampala.

Hapa Harish, aliyekuwa mwalimu wa jiografia, alipata kazi ya kupanga barua posta. Hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikuwa akirudi kutoka kazini anakaa kitini na koti lake mwilini, anatazama ukuta. Ukimuuliza anataka chai, anajibu kuwa haidhuru. Kwa hiyo siku aliporudi amechangamka, akasema ameona tangazo dukani kuwa timu ya hoki inatafuta watu, nilishukuru kwa moyo wangu wote. Laiti ningelijua!

Alikwenda na gongo lake na viatu vyake vyeupe vya turubai. Alirudi suruali imelowa nyuma yote. Kumbe wenzetu huku, na hasa watu wa Kanada, wakisema hoki mara nyingine wana maana ya kuchezea juu ya barafu. Wanavaa viatu vyenye visu chini, wanakimbilia kidude cheusi cha mpira mgumu kilicho mviringo na bapa kama mkate wa kumimina, na wakikosa kukipiga hicho wanapigana wao. Harish alikanyaga barafu mara moja, ikamkataa.

Mtu mwingine angerudi nyumbani akasahau. Huyu alibaki. Mwenye timu, ambaye kazi yake ni kuuza magari makuukuu, alikuwa amegombana na wakubwa wa chama cha mchezo huo, akaungana na wafanyabiashara wenzake wakaunda ligi yao wenyewe ya wachezaji wa kulipwa, ishindane na ile ya zamani. Waliapa kuwa baada ya misimu miwili ligi ya zamani itakufa. Timu zilikuwa sita: yetu ikaitwa Woolwich Admirals, kulikuwa na Penge Royals, Deptford Comets, na nyingine za huko Margate na Luton na sijui wapi. Waliwaleta vijana kutoka Kanada waliokosa nafasi kwao. Uwanja wetu ulikuwa karakana ya zamani ya tramu. Na Harish akafanywa mtunza vifaa, yaani mnoa viatu na mfua soksi.

Nasema mfua soksi, lakini aliyezifua unamjua. Mimi nashinda kiwandani nashona kola za mashati, nikirudi nakuta pedi za wanaume ishirini zimeanikwa ukumbini mwangu zinangoja kutiwa viraka. Harufu yake, Jokha, siwezi kukuandikia kwenye karatasi hii nyembamba.

Msimu wa kwanza haukufika popote. Serikali ilibana umeme kwa sababu ya mgomo wa wachimba makaa, mashine za barafu zikazimwa, na siku moja Admirals na Comets walikuta bwawa mahali pa uwanja. Msimu wa pili ulikuwa afadhali kwa muda, kisha timu zikaanza kufa moja moja. Paa la Margate lilivuja. Luton wachezaji wao wote walihamia ligi ya zamani kwa siku moja, pamoja na kocha. Comets walipanda basi kwenda kucheza mechi, wakafika pungufu, wengine wameshukia njiani wakaenda zao. Kila timu ikifa, Harish anaingia nyumbani anapiga makofi: “Tumepanda nafasi moja!” Nikamwambia kuwa kwa mwendo huo watakuwa mabingwa wakiwa peke yao. Akaniambia sijui michezo.

Mwezi wa Januari hoteli walimokuwa wakilala Wakanada ilifungwa. Nilirudi kutoka kazini nikakuta watatu sebuleni kwangu, miguu yao imefika mlangoni. Harish akasema ni kwa wiki moja. Wawili waliondoka baada ya mwezi. Wa tatu, golikipa wao, anaitwa James, alibaki.

Huyo James ni mtoto wa wakulima wa ngano, mrefu hata akipita mlangoni anainama kama anasalimia. Alikula chapati zangu kama anaweka akiba ya safari. Lakini nisimwonee: aliosha vyombo bila kuambiwa, na wanangu, ambao nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza, walianza kunijibu vizuri kwa sababu James alikuwa akijifunza nao wakaona aibu kushindwa naye. Mwalimu wao alikuwa wifi yangu Ranjan.

Ranjan unamkumbuka, yule mdogo wake Harish uliyemkarimu alipokuja Mombasa. Sasa ana miaka ishirini na minane, anapiga taipu ofisi ya baraza la mji, na anaishi nasi. Mama mkwe wangu huko Mombasa alikwisha kumtafutia mchumba, mfamasia wa Leicester, mtu wa ukoo wetu, mwenye duka lake. Alikuja kumwona mara moja. Alipoondoka, Ranjan aliniambia kuwa bwana yule amemwomba, kwa adabu kabisa, asiwe anacheka na mdomo wazi. Nilimwambia wanaume wote wana lao. Harish alimwambia ana bahati. Posa rasmi ikapangwa iwe Jumapili ya tarehe ishirini mwezi huu.

Sasa nifike kwenye mechi. Kufikia mwezi huu ligi nzima ilibaki timu mbili na nusu. Mwenye timu alitangaza kuwa Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Admirals na Penge Royals watachezea kikombe, na Jumapili Wakanada watarudishwa kwao. Harish hakulala vizuri wiki nzima. Alinoa viatu hadi nikamwambia vitakwisha. Mimi nilisema nitachelewa kufika, nina shughuli. Hakuuliza shughuli gani. Angeniuliza dunia inakwisha saa ngapi kama ingegongana na mechi, lakini shughuli yangu hakuiuliza.

Nilipoingia karakanani mchezo ulikuwa umefika katikati. Nilimtafuta benchini, mahali anapokaa na taulo zake, sikumwona. Nikamuuliza bibi mmoja wa Kiingereza aliyekaa mbele yangu, shabiki wa tangu mwanzo, mtunza vifaa yuko wapi. Akanionyesha golini kwa kidole.

Nilimwona mtu aliyevaa kinyago cha James na jezi ya James iliyomfika magotini. Miguu ile niliijua. Golikipa wa akiba alikuwa ameshatorokea ligi ya zamani tangu Alhamisi, James hakuonekana, na mwenye timu alitaka kufuta mechi. Harish ndiye aliyemwambia, mbele ya wachezaji wote: “Mimi ni golikipa.” Wakamsukuma hadi golini kama kabati, akashika mlingoti, na hapo ndipo alipobaki.

Jokha, sikucheka. Nilikuja na nia ya kukasirika na sikuweza. Alikuwa hawezi kwenda kushoto wala kulia bila kushika chuma, lakini mikono yake ilikuwa ile ile ya Kampala. Kile kidude kilikuja kwa kasi ya risasi naye akakidaka, akakitazama, akamkabidhi refa kwa heshima kama anarudisha daftari. Watu wakaanza kuita “Harry! Harry!” Mara moja kilimpiga kidevuni chini ya kinyago, akaanguka, akainuka akiwa ameupa mchezo mgongo, wenzake wakamgeuza. Tulifungwa saba kwa sita. Bao la saba lilipita katikati ya miguu yake alipokuwa amepiga magoti, na aliipiga ile barafu kwa ngumi mara moja tu. Kisha Wakanada wakambeba juu, wakamwangusha, wakambeba tena. Nilipiga kelele hadi bibi wa mbele akanipa peremende.

Tukapanda basi kurudi nyumbani, juu, kiti cha mbele, kidevu chake kimevimba kama embe. Sijapata kumwona anaongea vile tangu tuoane. Alinieleza kila mpira, hata niliouona. Kisha akasema ana hamu ya kumsimulia Ranjan. Na kisha akauliza, kama mtu anayekumbuka mwavuli, hivi James alipotelea wapi.

Hapo ndipo nilipomwambia, na sasa nakwambia wewe. James na Ranjan walioana mchana ule ule, ofisi ya serikali, hatua chache kutoka sokoni. Shahidi mmoja alikuwa msichana wa ofisini kwa Ranjan. Shahidi wa pili nilikuwa mimi. Ndiyo shughuli iliyonichelewesha. Hawakupata saa nyingine: Jumapili James anaondoka, na Jumapili ya pili watu wa Leicester wanakuja na masanduku ya posa. Ranjan alinifuata jikoni Jumanne, akaniambia atakwenda nami au bila mimi, lakini bila mimi atakuwa kama mtu aliyetoroka, na hataki kutoroka tena popote. Nilimkemea. Nilimwambia juu ya mama yake, ukoo, dini, baridi ya huko kwao James. Alisikiliza yote, kisha akaniuliza kama mimi ningempa mwanangu yule mfamasia. Jokha, nilimuuliza wanaoana saa ngapi. Jumanne hiyo hatukujua kuwa golikipa wa akiba atatoroka Alhamisi. Hilo la Harish kuwekwa golini lilikuja lenyewe.

Harish alinisikiliza hadi mwisho. Hakupaza sauti. Aliuliza kitu kimoja, kama James alijua kuwa akikosekana yeye golini patakuwa wazi. Nikamwambia alijua, na aliumia, na alikwenda hata hivyo. Harish akainuka, akateremka basini vituo vitatu kabla ya chetu, akatembea. Jumapili waliposimama mlangoni kuaga hakutoka chumbani. Ranjan aliongea na mlango. James pia, kwa Kiswahili chake kile. Mlango haukujibu. Wakaondoka, ligi ikafa wiki ile ile, na karakana naambiwa itakuwa ukumbi wa bingo.

Tangu hapo Harish hasemi nami ila kwa kupitia watoto. “Mwulizeni mama yenu chumvi iko wapi,” nami niko mbele yake, na chumvi iko mbele yake. Watu wa Leicester niliwapokea peke yangu nikawaambia ukweli. Sitakuandikia waliyonijibu. Nimechoka, shoga. Sijutii, ila nimechoka.

Sasa ombi langu. Mama mkwe bado hajui. Watu wa Leicester wana ndugu hapo Mombasa, na habari ikimfikia kwa midomo yao itamwua. Nakuomba uende kwake Makupa siku hiyo hiyo utakayopata barua hii, ukae naye, umwambie polepole kwa mdomo wako. Wewe anakupenda. Mwambie Ranjan hajambo, ameandika tayari, na anacheka anavyotaka.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika, Harish akaingia jikoni. Akasimama nyuma yangu. Akauliza, mimi mwenyewe, si watoto, naandika kwa nani. Nikamwambia kwa Jokha, amfikishie mama habari za Ranjan. Kisha akasema, “Mwambie Jokha aanze na mechi. Mama akishafurahi, ndiyo amweleze la Ranjan.” Alipofika mlangoni akageuka: “Na amwambie aliyeoa ni golikipa mzuri. Kuliko mimi.”

Kwa hiyo, shoga yangu, tafadhali anza na mechi.

Nisalimie mumeo, wanao, na majirani wote wanaonikumbuka. Wasionikumbuka pia wasalimie. Usichelewe kunijibu, na usisahau habari za magoti.

Akupendaye siku zote,
Kokila