Bosi wa Chumba cha Mbele

Nyumbani kwa Mama,
Jikoni, mlango umefungwa,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa Kaka,

Hujambo? Wifi hajambo? Na wale wanao, Mzee Kijana na mdogo wake Kidomodomo, wanaendeleaje na shule na hiyo baridi ya huko? Natumaini barua hii itawakuta nyote na afya njema. Sisi huku tuzima. Mama anakula vizuri, presha imetulia, na goti lake halimsumbui kama mwaka jana. Mimi nami nipo. Nimetafuta neno jingine la kuongeza hapo, sikulipata.

Utashangaa kuona nimeshika kalamu wakati simu ipo. Kwenye simu siwezi kusema, maana kila ukipiga Mama anakuwa karibu yangu, nami nabaki kukujibu "hatujambo, hatujambo" kama kasuku. Sasa hivi amejilaza, ndiyo nimepata nafasi.

Unaikumbuka taipureta yake? Ile nyeusi ya chuma, ambayo ofisi ilimruhusu aichukue walipoletewa kompyuta, akaja nayo ameipakata kama mtoto mchanga? Tuliitupa stoo, pale paa linapovuja, na huko ikakaa miaka kumi na tisa. Nilipoitoa ilikuwa kutu tupu. Ukibonyeza herufi moja zinainuka tano, zinang'ang'aniana na hazirudi.

Nikueleze kwa nini niliitoa. Tangu mwezi wa pili Mama anaamka alfajiri, anavaa sketi yake ya kazini, anachukua mkoba na kutoka kwenda ofisini. Ukimwambia amestaafu anakutazama kama umelewa. Ukimwambia jengo lenyewe lilishavunjwa ndiyo kabisa. Mara tatu nimemfuata barabarani katikati ya pikipiki, daftari kwapani, anauliza wapita njia nani kahamisha ofisi. Nikaanza kufunga mlango, funguo nikazivaa shingoni. Basi akawa anasimama mlangoni kila asubuhi na kugonga. Anagonga kwa ndani, Kaka, taratibu na kwa adabu, anangoja afunguliwe.

Sikuweza kuivumilia ile sauti. Nikajiambia, kama Mama hawezi kwenda ofisini, ofisi itamfuata. Na nilikuwa na haraka zangu. Likizo yangu isiyo na malipo inakwisha tarehe thelathini. Mkuu wa maabara ameniandikia kwamba nisipofika tarehe moja, nafasi yangu anapewa mtu mwingine. Miaka kumi na miwili nimeinamia hadubini pale hospitali, na bado nikiamka huwa nina hamu ya kwenda. Si kila mtu anaweza kusema hivyo kuhusu kazi yake.

Kazi ya taipureta niliianza kwa ujinga. Nilichukua mafuta ya kupikia nikaimwagia yote, nikidhani kutu italainika. Kesho yake ilikuwa imeganda kuliko mwanzo. Nikamwita fundi viatu wa hapo kona, yule mwenye maneno mengi, kwa kuwa ndiye mtu pekee ninayemjua mwenye vyombo vidogo vidogo. Aliitazama, akainusa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, hii unataka kuiandikia au kuikaanga?"

Lakini alinisaidia, Mungu ambariki. Tuliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, tukaiacha ikauke. Nikasugua kutu kwa msasa laini, chuma kimoja baada ya kingine, mpaka kucha zangu zikawa nyeusi. Herufi zilizozibwa na wino mkavu nilizichokonoa kwa pini. Kamba inayovuta lile gari la juu linalobeba karatasi ilikuwa imekatika, fundi akaweka uzi wake wa nta anaoshonea soli, tukaikaza springi pamoja, yeye ameshika nami nazungusha. Utepe niliulowesha kwa wino wa mihuri. Mwisho, tone moja tu la mafuta ya cherehani pale gari linapoteleza. "Tone, Dada," akaniambia, "si kijiko."

Ilituchukua wiki tatu. Siku niliyopiga mstari wa kwanza ukafika mwisho na kengele ikalia, Mama alitoka chumbani kwake. Alivuta kiti, akanyoosha mgongo, akaingiza karatasi, na vidole vikaanza kukimbia vyenyewe. Mama huyu ambaye siku hizi vifungo vya gauni namfunga mimi! Nililia, sikufichi.

Nilidhani nimemaliza matatizo. Kumbe nimejifunga mwenyewe.

Mpiga chapa hafanyi kazi bila bosi. Hilo sikulifikiria kabisa. Siku ya pili aliniuliza mbona leo bosi amekuja na gauni la kushindia, nikaenda kuvaa koti la marehemu Baba. Tangu siku hiyo mimi ndiye bosi. Saa mbili kamili niwe mezani. Namsomea, yeye anapiga, mimi natia sahihi, nakala inaingia kwenye faili. Nimeshamsomea magazeti ya zamani, maelekezo ya jokofu, na kitabu changu cha magonjwa ya damu kuanzia jalada. Nikirudia ananikamata: "Bosi, hii tuliipeleka wiki iliyopita." Nikiinuka kuosha vyombo ananiambia kazi hiyo ina mhudumu wake. Nikichungulia dirishani ananiuliza kama kuna mgeni ninayemtarajia.

Jumanne moja nilitoroka nikaenda sokoni, nusu saa tu. Nilimwachia jirani. Mama alimwambia jirani hawezi kubaki ofisini bosi hayupo, akatoka kwenda kumtafuta bosi. Alikutwa njia panda.

Wasaidizi nimetafuta wawili, usiniambie tena nitafute. Wa kwanza alifanyiwa usaili kuanzia saa mbili mpaka saa sita, akaambiwa atajulishwa kwa barua. Wa pili aliambiwa asubiri nje, naye kwa heshima zake akasubiri nje, mpaka jua lilipomshinda akaenda zake.

Saa kumi Mama anaifunika mashine kwa foronya na kuniaga. Anasema, "Nawahi nyumbani, Bosi, nina binti yangu ananisubiri." Halafu anaingia chumbani kwake. Mimi navua koti la Baba, napitia jikoni, nagonga mlango wake ili niwe huyo binti. Siku nyingine anakubali. Siku nyingine ananiambia, "Bosi, nimeshatoka kazini, kesho." Siku hizo nakaa ukumbini peke yangu na funguo zangu shingoni, sijui niende upande gani wa nyumba.

Sasa wewe. Ukipiga simu Mama husimama wima, umeshawahi kuambiwa? Sauti yako imekuwa nzito kama ya mkurugenzi wao wa zamani. Ukikata, ananiuliza mkurugenzi anarudi lini safarini. Umepewa cheo kikubwa huku nawe hujui. Mbele yako atakaa na atapiga chapa, hilo nina hakika. Na kazi yako ulituambia mwenyewe, kwenye harusi ya binamu, kwa fahari zote, kwamba unaweza kuifanya popote penye kompyuta.

Kabla sijafika ninapotaka kufika, salamu. Shangazi anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Fundi viatu anasema ukija umletee kiatu chochote kilichoharibika vizuri. Mpe wifi mkono wangu, na watoto uwaambie shangazi yao anawapenda, hata yule anayenionea aibu kwenye simu.

Ijumaa nilifikiria kukuandikia na nikaona heri nimsomee Mama, iwe ndiyo kazi ya siku. Sikutaja mtu. Nilisema binti fulani, mama fulani, kaka aliye mbali. Nikaanza: "Naomba, kama haitakusumbua, ukipata nafasi..." Mashine ikanyamaza.

Unajua Mama. Miaka thelathini na mmoja alipiga barua za kufukuza watu na za kupandisha watu vyeo, hakuwahi kusema neno. Alikuwa akituambia mpiga chapa hana maoni. Ijumaa alikunja mikono mapajani akaniuliza, "Bosi, huyu kaka na huyu binti, mama yao ni mmoja?"

Nikamjibu, "Mmoja."

"Basi mbona anaombwa?"

Akaichomoa ile karatasi. Akaingiza nyingine safi na kaboni yake, akapiga bila kusomewa. Nimeiweka ndani ya bahasha hii, lakini nainakili na hapa, ili usiseme haikufika:

"Unatakiwa kufika nyumbani kwa mama yako kabla ya tarehe thelathini mwezi huu, bila kukosa. Aliyepo amefanya zamu yake na yako."

Akaniletea kalamu. Nilitia sahihi, naye akasimama pembeni akingoja wino ukauke. Kisha akachukua foronya akaifunika mashine, ingawa saa kumi ilikuwa bado, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa siri ya nyumbani kwake:

"Mimi nina kijana wangu yuko mbali, Bosi. Wa kwangu asingengoja kuandikiwa."

Nikavua koti la Baba, Kaka, nikaenda kutafuta bahasha.

Mungu akutangulie njiani na akufikishe salama.

Ni mimi akupendaye siku zote,
Mdogo wako.