Kamera Juu ya Goli

Amalemba,
Kakamega.

Kwako dada Ayuma,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua ya kila alasiri. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu, na kwamba mguu wa mama umepungua uvimbe tangu mlipomchukua akae nanyi hapo Lumakanda. Mahindi yenu yameotaje? Mimi sijambo. Kile kikohozi kimeisha. Jirani yangu Shantel anasema ni maji yake ya tangawizi yaliyokiondoa, nami simpingi kwa sababu bado analeta.

Uliponipigia Jumapili uliniuliza swali nikajifanya mtandao umekatika. Haukukatika. Simu yako huwa umeiweka kwa spika, mama anasikiliza, na jibu langu si la kusikiwa na mama. Ndiyo maana nimempa Onesmus barua hii, kwa kuwa anakuja huko kwa wakwe zake.

Uliniuliza hivi: katika ile picha ya gazetini ya mafahali wakipigana, mbona watu wote wanatazama mafahali na mimi natazama kwingine?

Nianze na Mideva. Unamkumbuka, yule msichana wa Maragoli niliyemfundisha kushika kamera alipomaliza shule. Mpaka leo ananiita Mwalimu. Tulikaa vizuri mpaka gazeti lilipotangaza kwamba linataka mpiga picha mmoja wa kudumu eneo hili. Nimelipigia gazeti hilo picha tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, nikilipwa kwa kila picha inayotoka, bila bima wala likizo. Nafasi hiyo niliiona yangu. Mhariri, Bi. Chepkemoi, alituambia sote wawili tulete picha ya mapigano ya mafahali ya Shinyalu, naye ataamua kwa picha hizo.

Mideva hana kamera kubwa. Ana kamera ndogo ya mtumba inayoingia mfuko wa shati, zile ambazo sisi wenye lenzi ndefu tunazichekanga. Lakini kuna watu mtandaoni, wasiohusika kabisa na kampuni zilizotengeneza kamera hizo, wanaoandika programu za kuziongezea kazi ambazo kiwandani hazikupewa. Wanazitoa bure. Unatafuta inayolingana na kamera yako hasa, unaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, unasukuma kile kifungo kidogo cha ubavuni mwa kadi hadi kwenye alama ya kufuli, kisha unawasha. Ukirudisha kifungo nyuma, kamera inaamka ikiwa ya kawaida kama zamani.

Mideva alipotaka kuiweka, nilimwambia ataiua kamera yake, tena nilisema hivyo mbele za watu. Haikufa. Ilianza kupiga picha za radi juu ya msitu yenyewe, bila kuguswa, kwa kuwa programu hukaa ikitazama, na kitu kikibadilika ghafla inapiga. Mimi nimezifukuza radi za Kakamega miaka yote hii na nilichonacho ni mawingu. Watu wakawa wananisimamisha njiani kuniuliza kama nimeziona radi za Mideva. Nilikuwa nimeziona. Siku hiyo nilikula chakula cha mchana bila kujua nimekula nini.

Mapigano yenyewe unayajua. Umati unawazunguka mafahali kwa karibu, matawi mkononi, ngoma za isukuti zinalia, na fahali mmoja akigeuka tunakimbia wote, mpiga picha pamoja nao. Mara nyingi pembe zinagongana wakati wewe umeonyesha mgongo. Mideva alilijua hilo, maana mimi ndiye niliyemfundisha kukimbia. Safari hii aliamua kuifunga kamera juu ya goli la uwanja, kwenye mtambaa wa panya, itazame juu ya vichwa vya watu.

Walimcheka. Ignatius, mwenye fahali anayeitwa Dereva, alimpigia kelele akimuuliza kama amekuja kuanika nguo. Mwingine akamwambia, “Mpira ni kesho, mama, leo ni ng'ombe!” Mideva alicheka pamoja nao. Alinieleza kuwa ameigawa picha kwa miraba, na kwamba kamera haitajali miraba ya pembeni yenye watu na matawi, itangoja ya katikati tu.

Kabla ya kupanda alinipa kamera nimshikie. Mlango wa kadi ulikuwa chini ya kidole gumba changu. Niliufungua. Kifungo nilikiona. Kukisukuma nyuma ni kazi ya ukucha mmoja, na kamera ingepanda golini bila akili yake. Ignatius akaniuliza kwa sauti kama namwibia mtoto wa watu betri. Nikaufunga mlango. Usidhani ni wema ulionizuia.

Dereva na fahali wa ng'ambo ya mto walijaribiana, tukakimbia, tukarudi. Kisha wakaelekeana katikati kabisa. Nilikuwa nimesimama mahali pazuri, mbele ya goli, lenzi imeelekezwa sawasawa. Pembe zilipogongana niligeuka nyuma. Hilo ndilo jibu la swali lako, dada. Nilikuwa natazama kama taa nyekundu ya kamera ya Mideva, ile inayowaka inapopiga, itawaka, nikiomba isiwake.

Iliwaka. Niliporudisha macho, fahali wa ng'ambo alikuwa anatoroka na watu wa Dereva wanaimba.

Jioni Mideva alikuja kunionyesha. Ni picha ambayo sijawahi kuipata: pembe zimeshikana, tope liko hewani, na umati wote wa upande wa goli ni visogo. Kati yao uso ni mmoja tu, wangu, pembeni kushoto. Hakuhitaji kuelezwa nilikuwa natazama nini, maana nilikuwa nimemtazama yeye machoni kupitia kamera yake. Aliinamisha kichwa akaniuliza polepole, “Mwalimu, nikukate hapo?” Angeweza. Pembeni pangepungua kidogo tu na hakuna ambaye angejua.

Niliitazama kama ninavyotazama picha yoyote. Bila mimi ilikuwa picha nzuri ya ng'ombe, na gazeti lina nyingi. Nikiwa ndani, mtu angesimama aulize, kama ulivyouliza wewe. Nilijua pia ni nani angepata kazi kwa picha hiyo. Nikamwambia asikate, aitume vile vile.

Bi. Chepkemoi alimpigia simu asubuhi iliyofuata. Mideva anaanza mwezi ujao.

Usinihesabu mtu mwema. Wivu ungali upo, nalala nao na kuamka nao. Mideva amejitolea kunitafutia programu ya kamera yangu kubwa, ametafuta, na inaonekana hakuna aliyeandika ya aina hiyo. Hata hilo limeniuma.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Unasema mama ameibandika ile picha ukutani na anawaambia wageni kwamba kati ya watu wote wale, Erastus wake peke yake ndiye aliyekumbuka kumtazama mamake. Mwache aamini hivyo. Wewe ukipita hapo ukutani, unajua.

Ni mimi ndugu yako,
Erastus Osundwa