Jibu la Merdi

Kolwezi, Jumatano

Yaya Laurentine, dada yangu mkubwa,

Sauti ya beseni la unga likianguka kwenye sementi ingali masikioni mwangu, nami nakuandikia nikiwa nayo. Lakini kwanza nikusalimu. Natumaini mvua ya Kasaji imewaachia barabara, watoto wamepona kikohozi, na shemeji anauza vizuri sokoni. Sisi tuzima. Mama anakula, ingawa mguu unamsumbua asubuhi.

Uliniuliza hadithi yangu imefika wapi. Haijafika popote, yaya. Tata Blanchard, yule anayekusanya hadithi za kitabu kule Lubumbashi, ameirudisha tena, imejaa wino wake mwekundu. Unakumbuka inavyokwisha: shimo limeporomoka, wachimbaji wamekata tamaa, na mama mmoja amebaki kwenye mdomo wa shimo akiita, “Uko?” Ndivyo mdogo wetu Merdi na wenzake walivyoitana kazini, wa juu akiuliza, wa chini akijibu, “Niko.” Hadithi inaishia kwenye swali. Tata Blanchard alinipigia simu akasema hakuna mama anayemwita mwanawe kama mtu anayebisha dukani kutafuta sukari. Alitaka niandike, “Je, mwanangu mpenzi, ungali hai?” Nilicheka, kisha nikalia kwa hasira. Merdi angesikia maneno hayo angedhani ni mhubiri aliyepotea njia.

Kosa kubwa zaidi, alisema, ni mwisho. Msomaji hawezi kuachwa kwenye ukingo wa shimo. Kijana ajibu, au maiti itolewe. Nikamweleza kwamba kwetu maiti ya Merdi haikutolewa shimoni, na kwamba Mama hajakubali kilio kiwekwe bila mwili. Akanijibu, kwa upole wa kuudhi, kwamba huo ni msiba wetu, na yeye ameomba hadithi.

Neno hilo lilinichoma kwa sababu lina ukweli ndani yake. Basi nikarekebisha. Nikamtoa kijana akitambaa: uongo. Nikajaribu kumtoa amekufa: mkono ukakataa. Nikabadilisha mvua, nikaongeza mbwa, nikamwondoa mbwa. Nikachana karatasi hadi Mama akauliza kama nawasha babula la makaa. Mwishowe nikaandika jibu la neno moja tu, nikalisoma kwa sauti, kama kawaida yangu, nione kama linasimama.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu. Ili lisimame, nililisema kwa sauti ya Merdi, ile nzito ya puani, nikiuvuta mwisho kama alivyouvuta yeye: “Nikooo, Mama.” Mama alikuwa uani akichekecha unga. Beseni likaanguka. Akaingia mbio na mguu ule mbovu, unga hadi kwenye nywele, akatazama nyuma ya mlango, akainama, akatazama chini ya kitanda. Chini ya kitanda, yaya. Nikapiga magoti nikamwambia ni mimi, ni hadithi tu. Akakaa. Akafuta mikono kwenye kikwembe chake, akasema, “Mi najua ni weye. Soma tena.”

Nikasoma. Tangu hapo huniomba kila jioni kabla ya kusonga bukari, hufumba macho, husikiliza, kisha huinuka kutafuta sufuria. Halii. Mimi ndiye nisiyejua pa kuweka uso.

Jana nilimpa Papy, dereva wa basi la Lubumbashi, bahasha ya Tata Blanchard. Swali “Uko?” limebaki “Uko?”, na chini yake hakuna kitu. Nimemwandikia kwamba kama lazima apate jibu, aiache hadithi nje ya kitabu chake. Huenda ataiacha. Jibu nimelikata kwa mkasi, ni la Mama.

Nisalimie shemeji, na umbusu mwanao Elise mashavu yote mawili. Mama anakuombea, na anaomba samaki wakavu. Ukija Pasaka, ukafika jioni ukasikia sauti ya Merdi ndani ya nyumba, usikimbie. Ni mimi tu,

mdogo wako,
Abigaël Mushiya