Pande Zote Mbili

Jumatatu, 30 Oktoba 1978

Redio Uganda tena, kila taarifa ya habari. Masikio yanauma. Ndiyo kazi yangu tangu ndege zao zianze kutupiga. Shule imefungwa, na mkoa ukakumbuka kuwa kuna mwalimu wa shule ya Rwamishenye aliyekulia Masaka na anajua Kiganda. Nasikiliza, natafsiri, kisha Bwana Rwegasira wa ofisi ya mkoa anapita na baiskeli kuchukua.

Leo wanasema Tanzania ndiyo iliyowashambulia. Wanasema hivyo huku askari wao wako upande wetu wa mpaka, wanachoma nyumba. Nimetafsiri kama ilivyo.

Hapa Kitendaguro nusu ya majirani wameshakimbia. Mama yuko Rubya, salama.

Jumatano, 1 Novemba

Wametangaza. Ardhi yetu yote hadi mto Kagera ni yao. Mtangazaji ana sauti nzuri. Alipomaliza wakapiga muziki.

Rwegasira aliniuliza mara mbili kama nina hakika na neno. Nina hakika. Hawakusema wameiteka. Wamesema wameirudisha.

Nimezungusha redio kutafuta nani atatutetea. Stesheni moja inahimiza utulivu. Nyingine inatoa bei ya kahawa.

Jumapili, 5 Novemba

Hakuna ibada. Kanisa limejaa watu waliovuka mto na magodoro kichwani. Nimemchukua mmoja nyumbani. Ma Nyakato, mjane, kwao karibu na Kyaka. Wanawe wawili walifungwa kamba wakapigwa risasi mbele ya zizi. Ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda.

Anasimulia akimenya ndizi. Hatoi chozi. Ng'ombe anawataja mmoja mmoja kwa majina. Wanawe hawataji.

Sijamwambia kuwa mdogo wangu Koku ameolewa Masaka, na Mganda.

Ijumaa, 10 Novemba

Wasuluhishi wamefika. Ujumbe wa nchi za Afrika, wazee watatu, suti, chai ya maziwa. Rwegasira alimteua Ma Nyakato kutoa ushahidi, mimi mkalimani. Kihaya kwenda Kiingereza.

Mkubwa wao alimsikiliza kwa heshima zote. Aliinamisha kichwa pale pa kuinamisha. Kisha akauliza, "Mama ana hakika walikuwa askari? Huenda ni majambazi tu."

Nikatafsiri. Ma Nyakato akamtazama.

"Waitu, mheshimiwa, jambazi anatoa wapi kifaru?"

Hakuna aliyecheka. Yule mzee akanigeukia mimi, akanieleza polepole kama anafundisha darasa la kwanza. Wakimtaja mkosaji leo, kesho mkosaji atakataa kuwapokea, na usuluhishi utakufa. Tena kila nchi iliyowatuma ina mpaka wake wenye ugomvi. Hakuna anayetaka kuanzisha desturi ya kuhukumu mipaka. Kwa hiyo taarifa yao itaziomba pande zote mbili zijizuie.

"Amesema nini?" Ma Nyakato akauliza.

"Amesema pande zote mbili zijizuie."

Akafikiri. "Mimi nijizuie nini?"

Hilo sikulitafsiri. Mzee alikuwa ameshasimama, anatafuta kofia yake.

Namchukia. Angekuwa mkali ningemchukia kidogo. Alikuwa mpole.

Jumamosi, 2 Desemba

Jeshi letu limewasukuma hadi mpakani. Ma Nyakato alipata lori la jeshi, akaenda kuangalia kwake. Amerudi leo. Mabati yamebebwa, milango imebebwa, hata migomba imekatwa. Wanawe aliwakuta palepale alipowaacha. Amezika kilichobaki.

Ni msimu wa senene. Amekaa barazani anawanyonyoa mabawa, kikapu kizima.

Jumatano, 17 Januari 1979

Redio yetu inasema hatutaki hata shubiri moja ya ardhi ya Uganda.

Leo amekuja kapteni, kijana wa kusini, mstaarabu. Amevua viatu mlangoni. Alitaka nimweleze Masaka. Barabara gani inapanda kwenye kambi ya jeshi, soko liko wapi, lori linaweza kupita wapi. Nilimweleza yote. Nilichora kwa chaki mezani, kama somo la jiografia. Niliona raha kujua kitu ambacho jeshi halikijui.

Nikamwonyesha nyumba ya Koku, chini ya kilima cha kambi. "Hapa anakaa mdogo wangu na mumewe. Mwangalie, tafadhali."

"Tutaangalia, mwalimu."

Hakuuliza jina. Alipoondoka nilifuta meza. Chaki ilibaki kwenye kucha.

Jumapili, 25 Februari

Masaka imeanguka.

Rwamishenye ni ngoma. Watu wamepanda juu ya magari. Dereva mmoja aliyetoka huko alikuwa anasimulia katikati ya duara. Anasema adui alikimbia mapema, lakini mizinga yetu haikunyamaza. Kisha askari wetu wakaingia na baruti, wakalipua jengo kwa jengo. Kulipa ya Kagera. Anaiga mlio kwa mdomo, watu wanashangilia.

Redio yetu imesema waliofanya kazi hiyo ni Waganda wenyewe, walioasi. Oktoba nilitafsiri uongo wa aina hii kutoka upande wa pili. Huu hauhitaji kutafsiriwa.

Wasuluhishi wamekutana tena. Wanaziomba pande zote mbili.

Ma Nyakato alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Nilimshika mkono.

"Mbona, mwanangu? Sasa na wao wajue."

Ndipo nikamwambia. Nina mdogo wangu mle. Akaniangalia usoni kama anatafuta kitu alichokiangusha. Kisha akasema, "Basi na yeye ajue."

Akaendelea na vigelegele.

Alhamisi, 22 Machi

Koku amefika. Yuko hai. Ameletwa na lori la chumvi, miguu imevimba. Mumewe aliangukiwa na ukuta wa chumba cha kulala. Walimsikia siku nzima chini ya matofali. Hakuna aliyethubutu kutoka kumfukua.

Ma Nyakato alipomsikia anavyoongea kwa lafudhi ya Kiganda, alikunja mkeka wake akahamia jikoni. Hali naye chungu kimoja. Nimemsihi. Anasema yeye hana ugomvi na mtoto wa watu, ila sauti ile inamkumbusha.

Koku anasema askari waliujua mji. "Walipita hata njia ya nyuma ya soko. Kuna mtu wa palepale aliwaonyesha." Anadhani ni fundi viatu jirani yao. Anamlaani kwa jina, kila siku, kabla ya kula.

Nilimpakulia ndizi. Sikusema.

Rwegasira alikuja, amenisikitikia kweli. Lakini Koku ana karatasi za Uganda, aripoti kila wiki kama mgeni wa nchi adui. Nikamuuliza, wasuluhishi watamwekaje huyu, upande gani? Akasema nimechoka, nimpeleke kwa mama.

Jumamosi, 14 Aprili

Rubya, kwa mama.

Kampala imeanguka Jumatano. Tangu jana redio inasoma salamu za pongezi. Zimeanza kuja za nchi zilizonyamaza Novemba, kila moja na urafiki wa siku nyingi. Mama alizima redio ili tusali. Ijumaa Kuu yetu ilikuwa fupi.

Ma Nyakato amebaki kwangu Kitendaguro. Alisema nitamkuta.

Koku analima kibanja na mama kuanzia asubuhi. Amepata rangi kidogo. Wakiwa wawili namsikia anaongea, hata jana alicheka. Nje haongei. Juzi sokoni Muleba mwanamke wa dagaa alisikia lafudhi yake akafunika ungo kwa kanga, akageukia pembeni.

Leo tulikwenda pamoja. Mvua ilikuwa imeacha tope. Tulipofika kwenye nyanya alinigusa bega, akaonyesha kwa kidole fungu analolitaka.

Nikamuulizia bei.