Spea ya Nelson Haikuingia

Parit, mwanangu, soma hii. Nelson kanyimwa mke leo, kisa breki. BREKI!

Zile za mbele alizofunga wiki jana, kubwa kama sinia, eti zijaze rimu mpya za spoti. Tumetoka Handeni kupeleka posa Vugiri, mjomba wake ndiye mshenga. Tuliambiwa tufike kabla ya saa sita.

Porini, kabla ya Korogwe, tairi la mbele likapasuka. Nelson akatoa spea, ile rimu ndogo ya zamani. Haiingii! Inagonga breki. Akaigeuza, akaipiga teke. Haiingii! Tumeungua jua mpaka saa nane.

Akapita mfugaji na ng'ombe wake, akachungulia.
"Nyuma nako umebadilisha breki?"
"Hapana."
"Basi, tairi la nyuma lilete mbele, spea weka nyuma."
Dakika kumi tu. Kumi!

Tumefika saa kumi. Baba mtu kaitikia shikamoo mlangoni, kiti hakutoa. "Wazee wa ukoo wamengoja, wamechoka, wameondoka. Kwa binti yangu msirudi."

Nelson yumo garini, hajawasha. Mjomba kamuuliza, "Sasa, baba, tunangoja nini?"

Nelson kawasha gari, tunarudi Handeni.